Ukikuta mtoto wa kulungu amelala uani, usimbebe

Juni yangu ya kwanza Minnesota, Marekani, nilirudi kutoka shifti ya usiku saa moja asubuhi, nikakuta kitu cha kahawia kimejikunja kando ya ngazi ya nyuma, katikati ya yale maua ya majani mapana wanayoyaita hosta. Nilidhani ni paka. Nilipoinama nikaona madoa meupe mgongoni na jicho moja kubwa, jeusi, linaniangalia bila kupepesa. Mtoto wa kulungu, peke yake, mama hayupo. Nikakimbia ndani, nikatoka na bakuli la maziwa ya dukani na taulo la kumfunikia. Jirani yangu, mzee mstaafu ambaye hadi siku ile tulikuwa tunapungiana mikono tu, akanipigia kelele juu ya uzio: mwache hapo hapo! Nikasema moyoni, huyu mtu ana roho ngumu.

Jua lilipokaribia kuzama mama alitokea kwenye miti nyuma ya nyumba. Alisimama, akanusa, akaja moja kwa moja hadi kwenye hosta kama mtu anayejua alipoweka ufunguo wake. Mtoto alinyonya dakika chache, akalambwa mwili mzima, wakaondoka wote wawili. Maziwa yangu yakabaki pale yamechacha.

Tangu hapo, kila ikifika katikati ya Mei, napigiwa simu na Waswahili wenzangu wa Minnesota, Ohio na Kentucky, na swali ni lile lile: nimemkuta mtoto wa kulungu peke yake, nifanye nini? Nimeona bora niandike mara moja.

Hatua ya 1: Weka msimu kwenye kalenda

Ninaowazungumzia ni kulungu wa mkia mweupe, wale unaowaona wakila nyasi kando ya barabara kuu. Ninamwita kulungu kwa sababu ndivyo tulivyozoea, ingawa kulungu wa porini kwetu ni mnyama mwingine, ndugu wa pofu na tandala, na pembe zake hazidondoki. Dume wa huku huangusha pembe kila majira ya baridi na kuota mpya. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka zaidi kwa jina la ayala.

Majimbo ya kaskazini wanapandana zaidi Novemba, mimba inakaa siku 200 hivi, kwa hiyo watoto wanashuka kati ya nusu ya pili ya Mei na katikati ya Juni. Ukiishi kusini, Florida au Texas kwa mfano, tarehe zinaweza kuwa tofauti kabisa, basi waulize majirani. Anayezaa mara ya kwanza kwa kawaida hupata mmoja. Wakubwa huzaa mapacha, mara chache watatu. Mtoto anazaliwa na kilo 2 hadi 4, uzito wa mtoto mchanga wa binadamu, na madoa yake meupe yanadumu hadi karibu na Septemba.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini yuko peke yake

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, nami nilikosea, ilhali nilikulia Kondoa nikichunga mbuzi wa bibi. Mbuzi akizalia porini humlaza mwanawe kichakani, akarudi kundini kula kana kwamba hana mtoto. Tulipokuwa wadogo tukahangaika kukagua kila kichaka. Bibi akatuambia tuache ujinga huo, tukae tumwangalie mama. Ikifika jioni matiti yakimjaa atatupeleka mwenyewe. Na ndivyo ilivyokuwa kila mara.

Kulungu anafanya vile vile, ila yeye anafanya kwa wiki kadhaa. Nyumbu wa Ndutu, kule nyanda za Serengeti, wakizaa mwezi wa pili, mtoto anasimama baada ya dakika chache na kukimbia pembeni mwa mama. Swala tomi, anayekula nyasi kwenye uwanda huo huo, anamficha mwanawe kwenye majani. Kulungu yuko upande wa swala tomi. Mtoto wake mchanga hawezi kumkimbia koyote, yule mnyama wa porini anayefanana na bweha, wala mbwa, kwa hiyo silaha yake ni kutulia. Akihisi hatari analaza shingo chini, masikio nyuma, na hata mapigo ya moyo yanapungua. Harufu yake ni ndogo sana, na mama humlamba na kula kinyesi na mkojo wake ili pasibaki alama. Sasa mama mwenyewe ni mkubwa na ananuka. Akikaa karibu atamvutia adui. Kwa hiyo anakwenda mbali, anarudi mara chache kwa siku kunyonyesha, zaidi alfajiri na jioni, na mara nyingi baada ya kunyonyesha anamhamishia mahali pengine. Akiwa na mapacha anawalaza sehemu mbili tofauti, ili mmoja akigunduliwa wa pili apone.

Kwa nini uani kwako? Kwa sababu pana kivuli na chakula, hapana wawindaji, na koyote wanaogopa kusogelea nyumba kuliko yeye anavyoogopa. Isitoshe, kulungu wenyewe ni wengi mno siku hizi. Mwaka 1900 uwindaji wa kibiashara ulikuwa umewamaliza hadi wakabaki chini ya nusu milioni nchi nzima. Leo wanakadiriwa kufika milioni 30, na vitongoji tunavyoishi vimejengwa pale pale walipopenda kukaa, ukingoni mwa msitu.

Hatua ya 3: Tembea uani kabla ya mashine na kabla ya mbwa

Kama utachukua hatua moja tu katika mwongozo huu, chukua hii. Mtoto wa siku tatu haondoki mbele ya mashine ya kukata nyasi. Kelele zikizidi, ndivyo anavyozidi kujibanza chini. Ujerumani, ambako wana jamaa mdogo wa kulungu huyu, tatizo hili liko mashambani, na siku hizi droni zenye kamera ya joto hurushwa alfajiri juu ya shamba kabla ya trekta kuingia. Wewe na uani wako wa futi chache unahitaji miguu tu.

Kuanzia wiki ya tatu ya Mei hadi mwisho wa Juni, kabla ya kuwasha mashine, pita uani kwenda na kurudi kama mtu anayetafuta pete iliyodondoka. Mistari iwe karibu karibu, hatua mbili kati ya mstari na mstari. Usitafute umbo la mnyama. Tafuta madoa, kwa sababu jua likipenya kwenye majani madoa yake yanafanana kabisa na vimuli vya mwanga ardhini. Mimi nimewahi kusimama hatua moja kutoka kwake, nikitazama pale pale alipo, nisimwone hadi sikio lilipotikisika kumfukuza nzi. Kagua zaidi kando ya uzio, chini ya baraza la mbao, nyuma ya banda la vifaa, kwenye maua, na kila mahali nyasi zimepita kifundo cha mguu.

Ukimkuta, acha kiraka hicho. Kata sehemu nyingine tu, kisha rudi baada ya siku mbili tatu ukague tena. Mji wako ukiwa na sheria ya urefu wa nyasi, kiraka kidogo kwa siku chache kwa kawaida hakikuletei barua ya onyo.

Mbwa naye asifunguliwe mlango akatoka mbio. Toka wewe kwanza, zunguka, halafu yeye atoke akiwa kwenye kamba. Usiku beba tochi.

Hatua ya 4: Ukishamwona, ondoka

Piga picha moja ukitaka, kwa mbali, bila mwanga wa flashi, kisha ondoka. Usimsogelee kuhakikisha kama anapumua. Usiweke chakula, maji wala blanketi. Watoto waambie wamwangalie kupitia dirishani. Wanaelewa haraka kuliko sisi ukiwaambia huo ni mchezo wa kujificha na hawaruhusiwi kumfichua mwenzao. Picha ukiitupa kwenye grupu la WhatsApp usitaje anwani, maana baada ya saa moja utakuwa na magari matatu mlangoni na watu wazima wanachuchumaa kupiga selfi.

Na jambo hili ndilo gumu: mama hatakuja ukiwa umesimama pale. Anakuona. Mara nyingi yuko kwenye miti hatua mia tu kutoka kwako, anasubiri uingie ndani. Anaweza kukaa mbali kutwa nzima, na hilo ni la kawaida. Kwa hiyo ukiona saa tano zimepita hakuna mama, hujaona tatizo bado. Ukitaka kujua kama alikuja, angalia asubuhi ya pili: mtoto hayupo, au amelala mahali pengine, au yuko pale pale lakini ametulia na manyoya yake ni safi. Zote hizo ni habari njema.

Ile imani kwamba ukimgusa mama atamkataa kwa sababu ya harufu ya binadamu si kweli. Mama hamwachi mwanawe kwa harufu ya mkono wako. Hata hivyo usimguse, kwa sababu unamtia hofu, na ukimshtua akiwa na wiki mbili hivi, anaweza kuchomoka mbio kuelekea barabarani.

Hatua ya 5: Tofautisha aliyetulia na aliye mashakani

Mtoto mzima amelala amejikunja, kimya, macho wazi, masikio yamenyooka au yamelazwa nyuma. Hana shida.

Wa kupigiwa simu ni huyu: anayelia mfululizo kwa saa nyingi, sauti kama ya mwanambuzi aliyepotea. Kulia mara moja mbili ni kumwita mama tu. Au anayezurura mchana kutwa na kuwafuata watu na mbwa. Au mwenye jeraha, mguu uliovunjika, nzi wengi na mayai yao meupe kwenye manyoya, au uharo umegandia nyuma. Angalia pia ncha za masikio: zikijikunja kuelekea nyuma kama jani lililokauka, ameishiwa maji mwilini, na hiyo ina maana hajanyonya kwa muda. Na bila shaka, ukimwona kulungu jike amegongwa na gari hapo karibu na matiti yake yamejaa, mtoto yuko mahali fulani.

Simu piga idara ya wanyamapori ya jimbo lako. Minnesota ni Idara ya Maliasili, inayojulikana kama DNR. Pennsylvania ni Game Commission. Kila jimbo lina yake, na tovuti zao huwa na orodha ya walezi wa wanyamapori wenye leseni. Ukikosa, piga polisi wa mji kwa namba isiyo ya dharura. Usipige 911 labda kama mnyama yuko katikati ya barabara na magari yanakwepana. Andaa maelezo matatu: yuko wapi hasa, umemwona tangu saa ngapi, na dalili gani umeziona. Ukiwa na picha watakuambia ndani ya dakika mbili.

Jiandae kusikia jibu usilolipenda. Baadhi ya majimbo hayaruhusu kulungu kulelewa na binadamu, au yanaruhusu sehemu fulani tu, kwa sababu ya ugonjwa wa kudhoofu unaofahamika kwa herufi CWD. Ulitambuliwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967, hauna dawa, unaua, na kumsafirisha mnyama mmoja kutoka wilaya moja hadi nyingine kunaweza kuusambaza. Afisa akikuambia usimguse, ana sababu.

Maziwa ya ng'ombe usimpe, hata kidogo. Yanamharisha, na kwa mnyama wa kilo tatu kuharisha ndicho kifo.

Hatua ya 6: Akiwa mahali pabaya kweli

Kuna nyakati inabidi uingilie, na ni chache. Amelala kwenye njia ya gari ya gereji. Yuko ukingoni mwa lami. Ametumbukia kwenye kile kishimo cha dirisha la chumba cha chini, au kwenye bwawa la kuogelea. Ukipata muda, piga simu kwanza. Usipopata, vaa glavu kama unazo, mwinue kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, miguu ikiwa imekunjwa, kama unavyombeba mwanambuzi. Mpeleke kwenye kivuli cha karibu kabisa, hatua chache tu, mahali ambapo mama akirudi pale alipomwacha atamsikia. Mlaze chini, geuka, nenda zako bila kutazama nyuma. Akisimama na kukufuata, mkandamize mgongoni taratibu kwa kiganja mpaka alale; ni hivyo hivyo mama anavyomlaza kwa pua.

Amenaswa ndani ya uzio na mama yuko nje? Fungua geti, ingiza mbwa na watoto ndani, ondoka dirishani. Kumkimbiza kuelekea getini ni kumfanya ajigonge kwenye waya.

Na kama umeshambeba, yuko sebuleni kwenye boksi, na sasa unasoma haya huku jasho linakutoka: mrudishe. Leo hii, mahali pale pale ulipomtoa. Mama huendelea kumtafuta, na hata siku nzima ikiwa imepita bado inafaa kujaribu. Hakuna atakayekufunga kwa kumrudisha. Kumweka nyumbani ndiyo kosa, kwa kuwa karibu kila jimbo linakataza kukaa na mnyamapori bila kibali. Nawasikia pia wenzangu mnaomtazama mama yake kwa jicho la nyama choma. Uwindaji huku una leseni, una msimu, na msimu wenyewe ni wa vuli. Mei na Juni ni ujangili, faini yake ni kubwa, na kwa mtu ambaye makaratasi yake ya uhamiaji bado yako mezani, kesi ya namna hiyo haihitaji kuelezwa.

Hatua ya 7: Mheshimu mama

Kulungu jike ambaye mwaka mzima anakukimbia, Juni hakukimbii. Mbwa kwake ni koyote, hata kama ni kale kambwa kako ka kilo nne kenye sweta. Ukiona amesimama anakukazia macho, ameinamisha kichwa, masikio nyuma, anapiga kwato moja chini na kukoroma kwa pua, umemkaribia mtoto bila kujua. Rudi ulikotoka, taratibu, usimpe kisogo. Mbwa mdogo mbebe. Usijaribu kupita katikati ya mama na kichaka anachokitazama. Akija kweli anapiga kwa kwato za mbele, na kwato hizo zinakata. Weka mti au gari kati yenu.

Mimi wiki hizo za watoto wachanga nabadilisha njia ya matembezi ya asubuhi, napita upande wa barabara usio na msitu.

Hatua ya 8: Jikague kupe

Hili watu wengi hawalihusishi na kulungu. Mei hadi Julai ndio wakati ambapo kupe wachanga wa miguu myeusi wako wengi, na ni wadogo kama mbegu ya mchicha. Hao ndio wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji wa Lyme huko Connecticut, ambako ulianza kuchunguzwa katika miaka ya 1970. Vijidudu wanavipata zaidi kutoka kwa panya; kulungu wao wanawalisha na kuwasafirisha hadi uani kwako.

Baada ya kupita kwenye nyasi, oga, na ujikague nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio na kwenye nywele. Watoto wasuke nywele au wazifunge kabla ya kutoka. Kupe akiwa amekamata, mng'oe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kuvuta wima bila kuzungusha. Hakuna kiberiti, hakuna mafuta ya taa. Kwa kawaida anahitaji zaidi ya saa 24 akiwa amekamata ndipo aambukize, kwa hiyo kujikagua kila jioni kunatosha sana. Ukiona baada ya siku kadhaa wekundu unaotanuka kwenye ngozi, au homa na maungo kuuma, nenda kwa daktari na umwambie kuhusu kupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama baka la zambarau au kahawia tu, na wapo madaktari wanaoupita bila kuuona. Mwonyeshe kwa kidole.

Hatua ya 9: Barabarani, hesabu mpaka wa mwisho

Mama akivuka, punguza mwendo hadi karibu kusimama na usubiri. Nyuma yake kuna mmoja, na nyuma ya huyo kuna wa pili anayesitasita kwenye majani. Alfajiri na magharibi ndizo saa mbaya zaidi. Usimkwepe kwa kuingia upande wa magari yanayokuja. Shika breki, nyoosha usukani. Gari likiharibika kwa kumgonga kulungu, kwa kawaida ni bima kubwa inayolipa, ile ndogo hailipi, kwa hiyo angalia karatasi zako kabla ya Mei na si baada.

Ikifika Julai watoto wanatembea na mama na unaweza kufungua mbwa kwa raha zaidi. Agosti madoa yanaanza kufifia, na ndipo utakapokutana nao upya, safari hii wakiwa wanene, usiku, kwenye bustani yako ya mboga. Mwaka jana walianza na matembele, wakamaliza majani ya kunde, wakabakiza pilipili. Uzio wa kuwazuia unatakiwa uwe na urefu wa futi 8, karibu mita mbili na nusu. Wangu ulikuwa na futi 5, na yule mdogo aliruka bila hata kukimbia kwanza.